Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kampuni Yetu ya Meli: Amri ya Melini Isitegemee Sikio Peke Yake

Kwa: Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi na Mkurugenzi Mkuu wa kampuni ninayoitumikia

Nakala: Mabaharia wenzangu, pamoja na abiria wa njia ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba

YAH: MAWASILIANO YA KIKAZI NDANI YA MELI ZETU

Waheshimiwa,

Kwa heshima zote nawaandikia hadharani baada ya kuwaandikia mara tatu kwa faragha. Barua ya kwanza niliipitisha kwa nahodha wangu, naye akaiunga mkono kwa maandishi. Ya pili niliipeleka kwa mkono wangu katika ofisi ya usalama. Ya tatu niliielekeza kwa Mkurugenzi Mkuu, na nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa. Hadi leo sijajibiwa hata moja. Sikupenda jambo la ndani lisemwe barazani, lakini jambo hili linamhusu kila anayekata tiketi na kupanda na watoto wake, na nimeona kwamba kuendelea kunyamaza ni kuwakosea wao kuliko kuwakosea ninyi. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa sikusudii kuichafua. Ninyi mnajua kwamba ninasema nanyi.

Mimi ni afisa wa pili. Nimekaa baharini miaka 14, tisa kati ya hiyo katika meli zenu.

Alfajiri moja ya msimu wa kusi tulikuwa tunafunga meli gatini. Nilikuwa shetri, yaani nyuma ya meli, nikisimamia kamba, nahodha yuko juu chumba cha usukani, na baharia wa winchi, mashine ya kuvuta kamba, amesimama kwenye vishikio vyake akiwa amenipa mgongo, kwa sababu ndivyo winchi ile ilivyowekwa. Upepo ulikuwa mkali na mashine zilikuwa zinarudisha nyuma. Nahodha alisema redioni, "Legeza." Redio zetu za mkononi huchelewa kidogo kufunguka baada ya kitufe kubonyezwa, na silabi ya kwanza ikamezwa. Kilichomfikia mwenzetu ni "...geza," naye, akiwa ameuona mwili wa meli ukisogea mbali na gati, akaelewa "Ongeza." Akaongeza mvuto. Nilipoiona kamba imekaza nilipiga kelele na kuinua mkono, lakini sauti yangu ilichukuliwa na upepo, na mkono wangu asingeweza kuuona. Kamba ilikatika, ikarudi kwa nguvu na kumpiga baharia mwingine chini ya goti. Mguu ulivunjika mara mbili. Hajarudi baharini tena.

Taarifa ya ofisi iliandika kwamba chanzo ni uzembe wa mwendesha winchi. Nilikuwepo, na mtu yule hakuwa mzembe. Alitii kile kilichofika masikioni mwake, na hakuwa na taa, alama wala ishara yoyote ya pili ya kumwonyesha kwamba kilichofika si kilichotumwa. Ndiyo sababu ya barua hii: ndani ya meli zetu amri nzito zimefungwa kwenye njia moja tu, nayo ni sauti, katika mahali ambapo sauti ndiyo ya kwanza kupotea.

Wataalamu wa kompyuta huita kiolesura pale mahali mtu na mashine wanapokutana: skrini, kitufe, taa, king'ora, kipaza sauti. Kiolesura cha njia nyingi humpelekea mtu ujumbe uleule kupitia zaidi ya hisi moja, yaani aone taa, asikie mlio, ahisi mtetemo kiunoni au mkononi, kisha ajibu kwa namna inayomfaa pale alipo, iwe kwa sauti au kwa kitufe. Hili si geni kwa watu wa pwani. Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi. Walipopandisha foromali, boriti inayobeba tanga, waliimba, na wimbo ule ndio uliowapa wakati wa kuvuta kwa pamoja. Macho yao yalikuwa kwa nahodha na mikono yao ilisikiliza kamba. Aliyetia bildi, timazi ya kupimia kina, kule omo, yaani mbele ya chombo, alitaja kina kwa sauti na kuonyesha kwa vidole. Jahazi lile halikuwa na umeme, lakini amri ilikuwa na njia tatu za kumfikia mtu. Sisi tuna mitambo ya mabilioni ya shilingi na tumebaki na njia moja.

Naomba sasa niyaweke malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Chumba cha mashine hakifikiki kwa sauti. Kanuni za kimataifa za kelele melini zinaruhusu hadi desibeli 110 katika vyumba vya mitambo. Katika kelele hiyo binadamu hawezi kusikia maneno ya mwenzake aliye ubavuni, na kwa haki kabisa anatakiwa avae viziba masikio. Hata hivyo, tunapomtaka mtu aliye chini, tunapiga simu iliyo ukutani. Kanuni za ving'ora zinataka mahali penye kelele kubwa pawe pia na ishara ya kuonekana, na taa hizo zipo. Lakini katika meli mbili nilizofanyia kazi taa moja tu inazunguka kuita kwa mambo yote, na mtu aliyeinama nyuma ya jenereta haioni. Anayeiona hujua tu kwamba anaitwa. Ni moto? Ni simu ya nahodha? Ni kichujio cha mafuta kimeziba? Inambidi aache alichokishika, apande hadi chumba cha udhibiti, ndipo ajue. Mkanda wa kiunoni wenye mtetemo wa aina tatu au nne tofauti, pamoja na skrini ndogo ya maandishi makubwa katika kila pembe ya chumba, ungemwambia palepale aliposimama.

2. Ukimya unahesabiwa kuwa jibu. Hili ndilo linaloninyima usingizi, na naomba mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Jioni ya tarehe 6 Machi 1987 meli ya abiria na magari iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, ikielekea Uingereza huku milango yake ya omo iko wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani. Afisa aliyepaswa kuhakikisha imefungwa aliamini kwamba mwenzake yuko njiani kuifunga. Nahodha, kwa utaratibu wa kampuni, alihesabu kuwa kila kitu kiko sawa kama hakuna aliyemletea habari mbaya, na juu chumba cha usukani hapakuwa na kitu chochote cha kumwonyesha hali ya milango. Bahari iliingia sitaha ya magari na meli ikalala ubavu dakika chache baada ya kutoka bandarini. Walikufa watu 193.

Kuna sehemu ya habari hiyo ambayo kila mkurugenzi wa meli anapaswa kuijua. Kabla ya ajali, manahodha wa kampuni ileile walikuwa wameandika ofisini kuomba taa ya kuonyesha kama milango imefungwa au la. Ombi lao lilipokelewa kwa kejeli na wakuu wa nchi kavu. Baada ya watu kufa, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ulirekebishwa mwaka 1988, na tangu 1989 taa hizo zikawa sharti kwa meli za aina hiyo. Taa iliyo mbele yangu kila ninaposhika zamu ilipatikana kwa njia hiyo.

Lakini taa ya milango ni jambo moja, na kazi za meli ni nyingi. Magari yamefungwa minyororo? Milango isiyopitisha maji imefungwa? Kikosi cha moto kimefika kituoni? Nanga iko huru? Kwa yote hayo bado tunaendesha meli kwa desturi ya 1987: mtu anatuma agizo redioni, hapati jibu kwa sababu watu watatu wanaongea kwa pamoja, kisha anadhani limefanyika. Tunachohitaji ni kitufe kikubwa katika kila kituo, ambacho mhusika atakibonyeza kazi ikikamilika, na ubao wa taa chumba cha usukani unaoonyesha kila kituo kimejibu nini. Kituo kisichojibu kiwake rangi ya kukosa jibu. Ukimya usiwe kijani.

3. Ving'ora vinafanana. Katika chumba chetu cha usukani mlio unaotuambia mtambo wa kuonyesha mahali tulipo umepoteza ishara haujatofautiana na ule unaotuambia karatasi ya printa imekwisha. Matokeo yake ni kwamba kidole cha afisa kimezoea kuzima kabla jicho halijasoma. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Bahari, IMO, lilipitisha mwaka 2010 viwango vya kupanga tahadhari za chumba cha usukani katika ngazi nne kwa uzito wake. Vifaa vyetu vilinunuliwa kimoja kimoja, kwa wauzaji mbalimbali, na hakuna aliyewahi kukaa navyo vyote kwa pamoja usiku akavisikiliza.

4. Kila mtu ana picha yake ya safari. Tarehe 1 Oktoba 2015 meli ya mizigo ya Marekani, El Faro, ilizama karibu na visiwa vya Bahamas ndani ya kimbunga Joaquin, na wote 33 waliokuwamo walikufa. Kinasa sauti kilichopatikana chini ya bahari kilihifadhi mazungumzo ya saa 26 za mwisho. Humo maofisa wa zamu wanasikika wakimpigia simu nahodha usiku kumweleza hofu yao kuhusu njia waliyokuwa wakiifuata, naye alikuwa akitegemea programu ya hali ya hewa ambayo taarifa zake zilikuwa zimechelewa kwa saa kadhaa kuliko zile walizokuwa nazo wao. Watu wa meli moja walikuwa wanazungumza juu ya kimbunga kimoja, kila mmoja akiangalia mahali pake.

Kwetu, picha ya pamoja ni kundi la WhatsApp. Nasema hivi bila kumlaumu mwenzangu yeyote, kwa kuwa ni sisi wenyewe tulilianzisha pale tulipokosa kitu bora. Orodha ya magari inapigwa picha na kutumwa humo, na mhandisi huandika humo kwamba amezima pampu. Kisha tunatoka nje ya mtandao katikati ya mkondo wa Nungwi, na ujumbe unafika tumeshaegesha Wete. Mtandao wa ndani ya meli, usiohitaji minara ya nchi kavu, ungeweza kuonyesha hali moja kwa wakati mmoja katika chumba cha usukani, chumba cha mashine, na sitaha ya magari.

5. Maneno yenyewe hayajapangwa. Sheria ya SOLAS inataka kila meli iwe na lugha ya kazi iliyoandikwa katika kitabu cha kumbukumbu. Yetu imeandikwa Kiingereza, na kazi inafanyika kwa Kiswahili. IMO ilipitisha mwaka 2001 orodha ya misemo sanifu ya baharini kwa Kiingereza, iliyopangwa makusudi ili maneno yasichanganyike. Kwa Kiswahili hatuna orodha ya namna hiyo katika meli zetu, na kila nahodha anaingia na maneno yake. "Legeza" na "ongeza" ni maagizo yanayopingana, na redio ikimeza mwanzo karibu hayana tofauti. "Kulia" ni upande mmoja kwa anayetazama omo na upande wa pili kwa anayetazama shetri, hali ya kuwa baharia wa kamba hutazama kote kuwili ndani ya dakika moja. Hata skrini nzuri kiasi gani haitaokoa amri ambayo neno lake ni bovu. Hili ni la kwanza kutengenezwa, na wataalamu wapo: mabaraza ya Kiswahili, BAKITA la Taifa na BAKIZA la Zanzibar, wanaijua lugha, chuo cha mabaharia cha Dar es Salaam kinaijua kazi, na mabaharia wazee wa Unguja, Pemba na Mombasa wana hazina ya maneno ya chomboni ambayo tumeiacha ipotee.

6. Abiria nao wako ndani ya mawasiliano haya. Meli ya Scandinavian Star ilipoungua tarehe 7 Aprili 1990 kati ya Norway na Denmark walikufa watu 159. Ving'ora havikusikika ipasavyo vyumbani, na wengi wa wafanyakazi hawakujua Kiingereza wala lugha za abiria wao. Katika meli ya Sewol ya Korea Kusini, tarehe 16 Aprili 2014, abiria waliambiwa kwa vipaza sauti wabaki walipo huku meli ikizidi kulala, na amri ya kuondoka haikuwafikia kutoka kwa wakuu wa chombo. Walikufa watu 304, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Sisi tuna televisheni katika kila ukumbi, na hakuna hata moja inayoweza kusimamisha filamu ili ionyeshe maandishi na mchoro wa njia ya kutokea. Abiria asiyesikia hana lolote la kumwamsha ila jirani yake.

Sisemi kwamba maafa yetu wenyewe, ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, yalitokana na mawasiliano. Najua tu kwamba tunapita juu ya maji yaleyale, na kwamba siku jambo likitokea, tutakuwa na dakika chache za kupeana amri.

Waheshimiwa, majibu nimeyasikia kwa mdomo kwenye korido, ingawa hayajaandikwa, nami nayajibu kwa nia njema.

Imesemwa kwamba meli zimekaguliwa na zina vyeti. Ni kweli. Cheti kinathibitisha kwamba redio ipo na inafanya kazi siku ya ukaguzi, meli ikiwa imetulia gatini. Hakithibitishi kwamba "legeza" inafika shetri katika upepo wa kusi.

Imesemwa pia kwamba makosa ni ya kibinadamu na dawa yake ni mafunzo. Mafunzo tunayataka, na mimi mwenyewe ninafundisha vijana. Lakini hakuna mafunzo yatakayomwezesha mtu kusikia silabi ambayo redio haikuituma.

Kuhusu gharama, mengi ninayoomba ni taa, vitufe, nyaya na muda wa watu. Orodha ya maneno haina bei zaidi ya vikao. Tukitaka mfano wa usanifu wa skrini, upo mradi wa OpenBridge wa chuo cha usanifu cha Oslo, Norway, uliotoa miongozo iliyo wazi kwa wote ili vifaa vya wauzaji tofauti vifanane machoni pa baharia. Hatuanzi kutoka mwanzo.

Hoja moja naikubali. Mtu akiambiwa jambo kwa taa, mlio, mtetemo na maandishi kwa pamoja, na mambo yenyewe yakawa hamsini, atachoka kuliko sasa. Kwa hiyo siombi vitu vingi. Naomba amri chache nzito zipewe njia mbili au tatu zinazosema kitu kilekile, na mengine yanyamazishwe. Na msije mkatununulia skrini za kugusa kwa ajili ya sitaha. Mkono wenye glavu iliyolowa chumvi hauwezi kuziendesha, na mwanga wake usiku hulipofusha jicho la afisa anayetazama bahari.

Kwa hayo, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, ndani ya siku 30 itolewe orodha fupi ya amri za Kiswahili zisizofanana kwa sauti, na iwe sharti kila anayepokea amri airudie kabla ya kutenda.

Pili, kabla ya kusi ijayo vituo vya winchi vya omo na shetri viwekewe taa tatu zinazoendeshwa kutoka chumba cha usukani: vuta, zuia, legeza. Zitofautiane kwa mahali na umbo, si kwa rangi tu, kwa kuwa wako mabaharia wasiotofautisha nyekundu na kijani vizuri. Vishikio vya winchi vigeuzwe ili mwendeshaji amwone msimamizi wake.

Tatu, wafanyakazi wa chumba cha mashine na wa kamba wapewe vifaa vya kichwani vinavyoziba kelele na kubeba sauti pamoja, na mikanda ya mtetemo ijaribiwe katika meli moja kwa miezi sita.

Nne, ubao wa majibu ya vituo uwekwe chumba cha usukani, na nakala yake chumba cha mashine. Simu zile za zamani zinazotumia nguvu ya sauti ya msemaji bila umeme zisiondolewe, kwa sababu umeme ukikatika ndizo zitakazobaki.

Tano, iundwe kamati ya usanifu yenye mwendesha winchi, mpakaji mafuta wa mashine, mhudumu wa abiria na afisa wa zamu, wenye kura sawa na fundi na mnunuzi, na kila kifaa kijaribiwe baharini usiku kabla hakijalipiwa.

Sita, taarifa ya ajali ya alfajiri ile ipitiwe upya, neno "uzembe" liondolewe katika faili la mwendesha winchi, na mwenzetu aliyevunjika mguu alipwe haki zake kamili.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Niko tayari kuja ofisini siku yoyote nisipokuwa zamu, na nahodha wangu amekubali kuja nami. Redio ya alfajiri ile ninayo; nitakuja nayo ili msikie wenyewe inavyolitamka neno hilo.

Wenu katika kazi,

Afisa wa Pili
Njia ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba